Ami, Mjomba na Anko: Somo Juu ya Lugha ya Mtoto na Fikira Zake

Tulikuwa tukisoma mlango wa mirathi baada ya Maghrib, hapa Mji wa Kale, kijana mmoja akauliza: mtu akifa akaacha mke, binti mmoja na anko, huyo anko hupata nini? Tukamuuliza: anko yupi? Akajibu: anko wake huyo maiti. Tukamuuliza tena: je, ni ndugu wa babake au ni ndugu wa mamake? Hapo yule kijana akanyamaza, kisha akasema kuwa hajui, na kwamba nyumbani kwao wote wawili huitwa anko. Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, maana jawabu la suala lile lilikuwa limefungwa ndani ya neno ambalo kijana huyu hakupewa.

Katika mirathi, mke wa mtu huyo hupata thumni na binti hupata nusu. Zabaki sehemu tatu katika nane. Ikiwa yule anko ni ami, yaani ndugu wa baba kwa baba, na hapana asaba aliye karibu kuliko yeye, basi sehemu hizo tatu ni zake. Ikiwa ni mjomba, hana fungu wala si asaba. Yeye ni katika dhawil-arhami, na mbele ya binti hapati kitu kwa mirathi, ingawa maiti alikuwa na ruhusa ya kumuusia. Mali ni yale yale na msiba ni ule ule, lakini mmoja ataondoka na thuluthi na zaidi, na mwengine ataondoka mikono mitupu. Na anko ni jina la wote wawili.

Kijana huyu si mjinga. Amefaulu mitihani ya serikali, na hesabu ya mafungu aliifahamu upesi kuliko wengi. Lakini babu yake, alipokuwa mtoto wa miaka 5 akicheza barazani, alikuwa akiijua tofauti ile bila ya kufundishwa na mtu. Kila siku alimwita mmoja ami na mwengine mjomba. Ulimi wake ulikuwa umekwisha kusoma nusu ya mlango wa mirathi kabla mwenyewe hajaingia chuoni.

Basi tumeona inafaa tuiweke kando faraidhi kwa somo moja, tulitazame jambo hili kutoka chini yake: vipi mtoto hupata lugha, na je, lugha aipatayo huzielekeza fikira zake?

Wanachuoni wa zamani walihitilafiana juu ya asili ya lugha. Wako waliosema kwamba lugha ni tauqifu, yaani imefunzwa na Mwenyezi Mungu, wakitoa hoja kwa aya ya 31 ya Suratul Baqara isemayo juu ya Adamu kufunzwa majina. Na wako waliosema kwamba lugha ni mapatano ya watu. Ibn Jinni, aliyekufa mwaka 392 wa Hijra, alizipima kauli zote mbili katika kitabu chake Al-Khasais asiweze kukata shauri. Sisi hatutamtangulia. Suala letu ni dogo kuliko hilo: hatuulizi juu ya Adamu, twauliza juu ya mtoto aliyezaliwa juzi Kibokoni.

Katika karne ya 16, Sultani Akbar wa Bara Hindi alitaka kujua mtoto asiyesikia lugha yoyote atasema lugha gani. Akaamrisha watoto wachanga watiwe katika nyumba ya peke yake, walelewe na walezi wasiowasemesha hata neno. Watoto wale walipokua hawakusema Kiarabu wala Kiajemi wala Kihindi. Walitoka mabubu. Kitendo chenyewe hatukisifu, lakini jawabu lake li wazi: uwezo wa kusema mtoto huzaliwa nao, lakini uwezo huo bila ya watu ni kama taa isiyotiwa mafuta.

Na hapa pana kisa cha pili ambacho ni kinyume cha hicho. Tangu mwaka 1977, katika mji wa Managua huko Nicaragua, watoto viziwi ambao kila mmoja alikuwa amefungika peke yake nyumbani kwao walikusanywa katika shule moja. Walimu walijitahidi kuwafunza kusoma Kihispania katika midomo ya watu, wala hawakufanikiwa sana. Lakini uwanjani, wakati wa kucheza, watoto wale walianza kuelewana kwa ishara za mikono. Na wadogo waliokuja baada yao wakazichukua ishara zile wakazitilia kanuni, hata ikawa lugha kamili yenye sarufi yake, ambayo hakuna mkubwa aliyewafunza. Wataalamu waliofika kuitazama katika miaka ya 1980 walistaajabu. Basi watoto wa Akbar walikuwa na masikio wasipate watu wa kusema nao, na watoto wa Managua hawakuwa na masikio lakini wakapata wenzao. Waliopata wenzao ndio waliopata lugha.

Kazi hii huanza mapema kuliko tudhanivyo. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kanada, Janet Werker na Richard Tees, walieleza majaribio waliyoyafanya kwa watoto wachanga wa nyumba za Waingereza. Waliwasikizisha t mbili za Kihindi: moja hutamkwa kwa ncha ya ulimi katika meno, na nyengine ulimi ukikunjwa nyuma kwenye kaakaa. Mtu mzima wa Kiingereza huzisikia zote mbili kuwa moja. Lakini mtoto wa miezi sita au minane huzipambanua barabara, ingawa nyumbani kwao hapana asemaye Kihindi. Afikapo mwaka mmoja, upambanuzi ule umemtoka. Yaani mtoto huzaliwa akiwa tayari kuzipokea sauti za lugha zote, kisha katika mwaka wake wa kwanza hufunga milango asiyoihitajia na kuiacha wazi ile ya watu wake.

Sisi wa Mvita twalifahamu jambo hili zaidi kuliko wengi, kwani sisi nasi tuna t mbili. Kuteka maji ni kwa t ya ufizi, na kuteka, ambako wengine husema kucheka, ni kwa t ya meno. Vilevile twapambanua kaa la moto na kaa wa pwani kwa pumzi itokayo pamoja na k. Herufi za Kizungu huyaandika maneno haya sawasawa, na ndiyo maana Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyekufa mwaka 1890, alitia alama katika herufi za Kiarabu ili sauti hizo zitengane. Mtoto wa Mji wa Kale hazijui alama hizo, wala hapana aliyemweleza meno na ufizi. Amezipokea sauti zake mapajani mwa mamake.

Ibn Khaldun aliliandika jambo hili mwaka 1377. Alisema kwamba lugha ni malaka, maana yake ni mazoea yaliyokita ndani ya nafsi mfano wa kazi ya mikono, na kwamba mtoto huyapata kwa kusikia na kurudia, kusikia na kurudia, mpaka yakawa tabia. Akaitenga malaka hiyo na elimu ya nahau. Mwenye kujua kanuni za nahau bila ya malaka alimfananisha na mtu awezaye kueleza namna ya kushona nguo, na ukimpa sindano hawezi kitu. Na sisi tumewaona wengi namna hii: hueleza irabu za Kiarabu kwa ufasaha, na mgeni kutoka Yemen akiwauliza njia ya kwenda Kilindini hushikwa na kigugumizi.

Kwa hivyo mwenye kumsemesha mtoto kutwa ndiye mwalimu wake, apende asipende. Watu wa Makka wa zamani walilijua hili, ndipo wakawapeleka watoto wao jangwani kunyonyeshwa na kukulia katika Kiarabu safi. Kwetu leo, nyumba nyingi mama na baba wote huenda kazini, na mtoto hubaki na yaya aliyetoka Kaloleni au Kinango. Wako wanaonung'unika kwamba yaya atamharibu mtoto kwa Kigiriama chake au Kidigo chake. Sisi hatuoni hivyo. Yaya asemaye na mtoto, akamwimbia, akamgombeza na kumsimulia, amemzidishia lugha, na mji huu haukupata kuwa na watu wa lugha moja tangu ulipojulikana. Tuogopalo ni yaya anyamazaye, aliyempa mtoto simu ili atulie.

Khabari ya simu yataka kuelezwa, kwani wazazi wengi hudhani katuni za Kiingereza zinamsomesha mtoto. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, katika mji wa Seattle huko Marekani, walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto wa miezi tisa. Kundi moja lilikaa na mtu aliyewasomea na kucheza nao kwa Kichina katika vikao 12. Kundi jengine lilionyeshwa watu hao hao, kwa maneno hayo hayo, katika televisheni. Waliokaa na mtu walizipata sauti za Kichina. Waliotazama televisheni hawakupata kitu. Walikuwa sawa na wale ambao hawakusikia Kichina kabisa. Mtoto mchanga hujifunza kwa mtu amtazamaye usoni, amjibuye na kumngojea ajibu. Kioo hakimngojei.

Sasa twaja kwenye suala la pili, na hapa yataka hadhari, kwa kuwa watu wamelipita mpaka. Benjamin Lee Whorf, Mmarekani aliyekufa mwaka 1941, alikuwa akifanya kazi ya bima ya moto. Aliona kwamba wafanyakazi huwa na hadhari karibu na mapipa yaliyojaa petroli, lakini karibu na mapipa waliyoyaita matupu huvuta sigara bila ya wasiwasi, hali yakuwa mapipa yale matupu yamejaa mvuke wa kulipuka. Neno "tupu" liliwadanganya. Mpaka hapo alisema kweli, na kila aliyefanya kazi bandarini atalifahamu neno lake. Lakini Whorf alizidi akasema kwamba Wahopi wa Marekani hawana katika lugha yao maneno ya wakati, na kwa hivyo hawaufikiri wakati kama wengine. Mwaka 1983 Ekkehart Malotki alitoa kitabu kikubwa kilichojaa maneno ya wakati ya Wahopi hao hao. Lugha si gereza.

Ushahidi wa karibu ni rangi. Sifa za rangi zilizo za asili katika Kiswahili ni tatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyengine zote tumeziazima kwa vitu: kijani kutoka kwa majani, manjano kutoka kwa bizari, kahawia kutoka kwa kahawa, kijivu kutoka kwa jivu. Je, Mswahili hazioni rangi asizokuwa na jina lake la asili? Nenda Mtaa wa Biashara usimame mbele ya duka la leso, usikilize wanawake wawili wakibishana kama leso hii ni sawa na ile waliyoiona wiki jana. Wataona tofauti ambayo wewe huioni, na wataisema kwa kutaja embe, kunazi, au maji ya bahari ya asubuhi. Jicho halikungojea neno.

Lakini mambo ambayo lugha hukulazimisha kuyasema kila siku ni khabari nyengine. Mtaalamu Roman Jakobson alisema kwamba lugha hazitofautiani sana katika yale ziwezayo kuyasema; zatofautiana katika yale ambayo msemaji hana budi kuyasema. Haya ndiyo maneno yaliyotukinaisha. Mtu akibisha mlangoni akauliza khabari ya baba, mtoto wetu wa miaka mitatu hana budi kupambanua: yupo, yuko, au yumo? Yupo ni mahali hasa, yuko ni upande usiofungwa mpaka, yumo ni ndani. Hawezi kufungua kinywa bila ya kuliamua hilo. Mtoto wa Kiingereza halazimiki. Lakini huyo naye, akitaka kumtaja mtu asiyekuwapo, hana budi kusema kama ni mwanamume au mwanamke, jambo ambalo Mswahili hatakiwi kulisema kwa kuwa "yeye" ni kila mtu. Ndiyo maana wanafunzi wetu hodari wa Kiingereza huteleza wakamtaja mama kwa neno la kiume. Hawakumsahau mama yao. Ni kwamba hawakulelewa na lugha iwaulizayo suala lile.

Na kila lugha hukuuliza masuala yake mara mia kwa siku, hata ukawa na majibu yake tayari. Asiyeulizwa aweza kujibu akitaka, lakini itambidi asimame afikiri. Lugha yetu nayo ina mapungufu yake, wala hatuna haja ya kuyaficha. Neno "ndugu" ni la kaka, dada, jamaa, na hata mtu wa njiani. Na katika mirathi neno hilo halitoshi, ndipo masheikh wakazoea kuongeza: ndugu khalisa, ndugu kwa baba, ndugu kwa mama. Pale lugha iliponyamaza, elimu ilisema. Kwa hivyo yule kijana wetu hakuzuiliwa na neno anko asiweze kuifahamu tofauti. Tulipomweleza alifahamu kwa dakika moja. Lakini mtu hupitia mangapi maishani ambayo hapana wa kumweleza, kwa kuwa mwenyewe hajui kwamba pana la kuuliza?

Mfano wa pili ni usiku. Kwa hesabu yetu usiku hutangulia mchana wake, na usiku wa Ijumaa huingia jua la Alkhamisi likitua. Kijana aliyezoea kuisoma siku katika simu husikia "usiku wa Ijumaa" akadhani ni baada ya swala ya Ijumaa kuswaliwa. Tumewahi kutangaza darasa ya usiku wa Ijumaa, na baadhi ya vijana wakaja siku ya pili yake wakaukuta mlango umefungwa.

Si haki kuwalaumu wazazi peke yao. Katika miaka ya 1920 wakubwa wa makoloni walitafuta lahaja moja ya kusomeshea, na mkutano uliokata shauri, mwaka 1928, ulifanywa hapa hapa Mombasa, ukachagua Kiunguja. Kiunguja ni Kiswahili kizuri, nasi ndicho tukiandikiacho. Lakini tangu hapo mtoto wa Mvita aliingia shuleni akaambiwa kwamba "ndia" ni kosa, na "mato" ni kosa, na akimwita mwenziwe "ndoo" mwalimu akadhani aitisha ndoo ya maji. Kisha Kiingereza kikawa juu ya vyote viwili. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini twajua sote ni lugha ipi ihesabiwayo kuwa ni ya mtu aliyesoma. Mama mmoja alitwambia kwamba shule ya mwanawe ilimtaka asiseme naye ila kwa Kiingereza nyumbani. Yeye Kiingereza chake ni cha dukani. Sasa huyu mama, ambaye kwa Kimvita aweza kusimulia, kutania, kuonya na kufariji, amebaki kumwambia mwanawe njoo, keti, kula, lala. Kiingereza mtoto atakipata shuleni kwa wenyewe. Utajiri wa mamake ataupata wapi?

Na sisi wa vyuoni pia tusijitoe. Mtoto akaapo kwa mwalimu miaka akahifadhi juzuu baada ya juzuu, sauti za Kiarabu hukaa sawa katika ulimi wake, na hiyo ni neema. Lakini maana hazikupita. Kadhi Abubakar Ibnul Arabi wa Andalusi, katika karne ya 12, alitaka mtoto atangulizwe lugha kabla ya kusomeshwa asichokifahamu. Ibn Khaldun aliitaja rai hiyo akaisifu, kisha akasema kwamba ada za watu hazitaikubali, na kwamba wazazi huchelea mtoto akikua asipate tena wasaa wa Qur'ani. Khofu hiyo ni ya kweli na hatuidharau. Sisi twaona kwamba kwetu ziko njia za kuyapata yote mawili. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 aliitia elimu katika Kiswahili cha watu, na Sheikh Abdalla Saleh Farsy akatoa tafsiri yake kamili mwaka 1969. Mwalimu akimfunza mtoto sura fupi, na amweleze maana yake kwa maneno ya nyumbani siku hiyo hiyo, kabla ya kupita sura nyengine. Itachukua robo saa.

Ama yule kijana, juma lililofuata alirudi na karatasi. Alikuwa amekaa na nyanya yake baada ya Alasiri, akaandika majina ya jamaa zake wote na namna ya kuitana kwao: ami, mjomba, shangazi, mama mdogo, mkoi, wifi, shemeji, mavyaa. Mengine hata sisi tulilazimika kuuliza. Tena akatwambia kwamba "binamu" asili yake ni mwana wa ami, na kwamba yeye alikuwa akimwita binamu mtoto wa mjomba wake. Tukaitundika karatasi ile ukutani, na kwa hiyo tukaurudia mlango wa mirathi tangu mwanzo.

Kila mwanafunzi ametakiwa kuleta karatasi kama hiyo kutoka kwa mkubwa wa nyumba yao, kwa maneno yanavyosemwa nyumbani, awe ni mtu wa Kuze, wa Mkanyageni au wa Makadara. Wasomaji wenye wazee walio hai nao wanaombwa watuletee. Darasa ni usiku wa Ijumaa, baada ya Isha. Yaani Alkhamisi, jua likishatua.